Pleti ya Tunu

SEHEMU YA 1

Ukiona gari Dar es Salaam limebeba jina badala ya namba, jua kuna mtu kalipa. Jina halitolewi kwa heshima. Magari ya serikali yana ST zao, ya miradi ya wafadhili yana DFP, na sisi wengine tuna T, tarakimu tatu na herufi tatu: maandishi meusi juu ya njano kama gari ni la kutembelea, meusi juu ya nyeupe kama ni la biashara. Ukitaka watu wa foleni ya Magomeni walisome jina lako, unaomba, unalipa, unakaa nalo miaka mitatu. Ikiisha unalipa tena. Usipolipa, unarudi kwenye T yako na watu wanaanza kunong'ona kwamba umefilisika.

Maelezo hayo nilimpa dada mmoja asubuhi ya Julai 2022. Alikuja kwenye meza yangu na bahasha ya kaki ameikumbatia kana kwamba ndani yake mna mtoto mchanga.

Mimi naitwa Saidi, lakini mjini wananiita Side Kadi. Meza yangu iko chini ya mwarobaini, pembeni ya yadi za magari Kinondoni. Si mtumishi wa TRA na sina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mnunuzi na muuzaji wakishapeana mikono, mimi ndiye ninayekusanya mkataba wa mauziano, picha, nakala za vitambulisho na TIN za pande zote mbili, kisha nazunguka mpaka kadi itoke kwa jina jipya. Ada ya kuhamisha umiliki shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari. Yangu mimi ni ya soda, na soda siku hizi imepanda.

"Kaka Side, mimi naitwa Rehema," alisema. "Nimeambiwa wewe unajua mambo ya magari ya marehemu."

"Pole, dada. Marehemu nani?"

"Baba. Mzee Athumani Kibwana wa Magomeni. Alitutoka Februari."

Nilimjua kwa malori yake. Alikuwa akipeleka mizigo Tunduma mpaka Lubumbashi, na kila dereva wa barabara ile alikuwa na kisa chake cha kusimulia kuhusu mzee yule. Gari lake la kutembelea nililijua zaidi. V8 nyeupe, mbele na nyuma limeandikwa herufi nne: TUNU.

Bahasha ilikuwa imekamilika kuliko nyingi ninazoletewa. Cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, saini kumi na mbili na dole gumba moja. Barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua Rehema kuwa msimamizi wa mirathi. Nakala za vitambulisho vya warithi, na ya leseni ya udereva ya mdogo wake wa kiume. Kadi ya gari, ambayo ilikuwa na namba ya T. Gari lilisajiliwa kwanza mwaka 2014 kwa namba ya kawaida, jina likaja baadaye. Namba yenyewe siitaji hapa, maana liko gari barabarani linaitumia mpaka leo. Hilo utalielewa mbele.

"Tunataka kuliuza?" niliuliza.

"Tunataka liende kwa mama kwanza. Kuuza tutaona."

"Basi sikia. Jina la pleti lilipwa lini mara ya mwisho?"

"Juni 2019."

Nikahesabu kwa vidole. Juni 2022 imeshapita. Nikamweleza kwamba jina limekwisha muda wake, kwa hiyo wazitafute pleti za T mahali mzee alipozihifadhi, wazirudishe kwenye gari, halafu tuendelee na kadi. Kwangu ilikuwa kazi ya wiki moja. Mbili kama mtandao ungegoma.

Rehema akaenda ofisi za TRA mwenyewe na barua yake ya mahakama, maana taarifa za mlipakodi haziombwi na mtu wa chini ya mwarobaini. Alirudi alasiri. Uso wake haukuwa ule wa asubuhi.

"Jina halijaisha," alisema.

"Haliwezi kuwa halijaisha, dada. Miaka mitatu ni miaka mitatu."

"Limelipiwa. Mpaka Juni 2025."

Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua kuna kosa la tarakimu mahali fulani. Akanisogezea karatasi. Malipo yamefanyika tarehe 20 Juni 2022. Shilingi 10,000,000. Benki, tawi la Tanga.

Februari tumemzika. Juni amelipia gari.

"Labda mama?" nilisema.

"Mama hana milioni kumi. Na hajatoka nyumbani, yuko edani."

"Mdogo wako?"

"Idrisa yuko Sharjah tangu arubaini iishe. Angelipa angetuambia, yeye akinunua hata pazia anapiga picha." Akaweka kidole chini ya karatasi. "Soma hapo. Jina la mlipaji."

Ukiwa na namba ya malipo mkononi unaweza kumlipia mtu yeyote nchi hii, ndugu au adui, mfumo hauulizi. Kwa hiyo nilitegemea kukuta jina la dereva, la rafiki wa mzee, la mdeni aliyekuwa anatubu. Nikasoma: TUNU ATHUMANI KIBWANA.

"Si ndiye mama huyu?" nikauliza, halafu kabla sijamaliza nikajijibu mwenyewe kichwani.

"Mama yangu anaitwa Tunu Salehe," alisema Rehema. "Salehe ni babu. Kwetu sisi mke hachukui jina la mumewe, kaka. Anayeitwa Athumani Kibwana baada ya jina lake ni mtoto wa Athumani Kibwana."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waliacha kuongea.

"Na mzee ana watoto wangapi?"

"Wawili," alisema. "Mimi na Idrisa."

ITAENDELEA

SEHEMU YA 2

ILIPOISHIA: Mzee Kibwana amefariki Februari 2022. Juni mwaka huohuo mtu amelipa milioni kumi kwenye tawi la benki Tanga ili jina TUNU libaki kwenye gari lake. Mlipaji ana jina la mtoto ambaye familia haimjui. SONGA NAYO...

Bi Tunu alitupokea ukumbini, kanga nyeupe, tasbihi mkononi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba ndefu, ya watu wa zamani, na kabla sijakaa chai ilikuwa imeshafika. Rehema alinikonyeza: mama asiambiwe kitu. Nilikuwa nimekuja kuliona gari tu.

Lakini mama mwenyewe alitaka kulisema. Wajane wengi ninaowahudumia wako hivyo; ukigusa gari umegusa mtu.

"Lile jina, mwanangu, aliniletea Juni 2016," alisema. "Mwezi wa Ramadhani. Anaingia na futari mkono mmoja, pleti mkono wa pili. Ananiambia, mke wangu, bajeti imesomwa, kuanzia Julai ada inapanda kutoka milioni tano hadi kumi, nimewahi."

Ni kweli, ada ilipanda mwaka ule. Wengi walioahirisha walijuta. Mzee alilipa tano mwaka 2016, kumi mwaka 2019, na sasa kuna mtu kaongeza kumi nyingine. Piga hesabu: milioni 25 kwa herufi nne. Kila herufi milioni 6 na robo, na haitembezi gari hata hatua moja zaidi. Mimi si mtu wa kumpangia tajiri matumizi, ila ningelikuwa na milioni 25 ningenunua kiwanja Chanika na chenji ningebaki nayo.

"Nikipita na gari lile harusini," aliendelea Bi Tunu, "wanawake wanasema Tunu kaingia, kabla sijashuka. Trafiki wa Mapipa ananipigia saluti. Miaka thelathini na saba ya ndoa, hajawahi kuniandikia barua huyo mume. Aliniandikia pleti."

Rehema alitazama pembeni.

Gari lilikuwa bandani, limefunikwa turubai. Tairi moja limeshuka upepo. Halijatoka tangu siku ya maziko, na vumbi la juu ya turubai lilithibitisha hivyo. Nikauliza ziko wapi pleti za T.

"Sandukuni kwake, chini ya kitanda. Alizifunga kwa gazeti, akasema zisiguswe, siku jina likiisha zitarudi."

Rehema akaleta kifurushi. Gazeti la Juni 2016, kamba ya katani, fundo la mtu wa malori. Nikalifungua kwa kisu cha matunda.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya bati. Bati la kuezekea, lililokatwa kwa mkasi kufuata urefu na upana wa pleti ya gari, kingo zimekunjwa zisikate mkono. Mtu aliyelikata alitaka kifurushi kishikike vizuri na mtu asiyekifungua.

Hatukupata nafasi ya kusema chochote. Mlango wa mbele ukafunguliwa, manukato yakatangulia, Idrisa akafuata.

Alikuwa ametua asubuhi hiyo kutoka Sharjah, alisema, amekuja kumaliza suala la gari. Kijana mchangamfu. Anauza magari yaliyotumika, anajua bei ya kila kitu kuanzia Mombasa mpaka Muscat. Akamkumbatia mama, akamtania dada, akanipa mkono.

"Mnauza gari au mnauza jina?" aliniuliza.

"Jina haliuzwi, kaka."

"Wewe hujatembea. Abu Dhabi mwaka 2008 pleti namba 1 ilipigwa mnada, dirhamu milioni 52.2. Dubai mwaka 2016, D 5, dirhamu milioni 33. Namba tu, gari hakuna! Mtu analipa hela ya meli ya mafuta kwa tarakimu moja."

"Hizo ni namba za Waarabu."

"Waingereza je? 2014 wameuza 25 O kwenye mnada wa serikali yao, pauni laki nne kabla ya kodi. Aliyenunua ni mfanyabiashara wa Ferrari."

Nikamwambia anachosema ni kweli, na ndiyo sababu hakitusaidii. Uingereza unanunua haki ya namba, unaweza kuitoa kwenye gari, kuihifadhi, kumuuzia mwingine, almuradi usiitumie kulifanya gari lionekane jipya kuliko umri wake. Uarabuni kadiri tarakimu zinavyopungua ndivyo heshima inavyopanda, na namba ni mali inayopita mkono kwa mkono. Huku kwetu umepangishiwa miaka mitatu. Mgeni akinunua V8 ya mzee hawezi kuniambia nimpe na TUNU. Kama anataka jina, akaombe lake.

"Tena sikiliza, Idrisa," nilisema. "Jina ni pambo. Gari lenyewe ni chasisi na injini. Trafiki mwenye akili hasomi pleti, anafungua boneti."

Nilisema hivyo kumnyamazisha tu. Alinyamaza kweli, tena ghafla kuliko nilivyotarajia.

Nikatoka uani na simu yangu. Kuna jambo lilikuwa linaniwasha tangu nione yale mabati. Kila mtu mwenye gari mjini anajua namba ya gari inakusanya madeni kwa jina lake: mkusanyaji wa maegesho anaiingiza kwenye kifaa, trafiki anaiingiza kwenye mashine, na deni linakaa huko linakusubiri. Familia ya Kibwana kwa miaka sita iliangalia madeni ya TUNU. Nani angekumbuka kuangalia ya namba ya T, wakati namba yenyewe imelala sandukuni?

Nikaiandika.

Maegesho, Tanga mjini, Machi. Maegesho, Tanga mjini, Aprili, mara nne. Halafu faini moja ya trafiki, shilingi 30,000, Mei 2022, karibu na Segera. Mwendo wa kilomita 78 kwa saa kwenye eneo la 50.

V8 ya mzee ilikuwa bandani, tairi limeshuka, vumbi juu ya turubai.

Nilimwita Rehema. Nikamwonyesha bila kusema. Alisoma mpaka mwisho, halafu akarudi juu kidogo, kwenye mstari ambao mimi nilikuwa nimeupita. Trafiki akikuandikia faini anachukua na namba ya leseni ya dereva.

"Ile bahasha yangu unayo?" aliuliza.

Nilikuwa nayo. Akatoa nakala moja, akaiweka sambamba na simu. Tarakimu kwa tarakimu. Nikajaribu kumsomea, akanizuia kwa mkono.

Leseni ilikuwa ya Idrisa, aliyedai kwamba mwezi Mei alikuwa Sharjah. Na Idrisa alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, funguo za V8 mkononi.

ITAENDELEA

SEHEMU YA 3

ILIPOISHIA: Pleti za T hazimo sandukuni. Kuna gari Tanga linazitumia, na Mei 2022 lilikamatwa kwa mwendo kasi karibu na Segera likiendeshwa na Idrisa. Rehema na Side Kadi wameligundua hilo, Idrisa yuko nyuma yao. SONGA NAYO...

"Dada, usipige kelele," alisema Idrisa. "Mama atasikia."

"Mei ulikuwa wapi?"

"Nilipanda ndege mpaka Mombasa. Nikavuka Horohoro. Siku tatu tu."

"Kufanya nini?"

Akakaa kwenye ngazi ya uani. Pamoja na manukato yake yote, alikaa kwenye saruji.

"Baba alikuwa na V8 nyingine," alisema. "Nyeupe, toleo lilelile. Ya IT."

Wasomaji wa mikoani wanayajua magari haya. Gari linashuka bandarini Dar es Salaam, haliendi kwa Mtanzania, linakwenda Kongo au Zambia. Halilipiwi ushuru wetu, linapewa namba ya IT, linaendeshwa mpaka Tunduma livuke. Madereva wake wana sifa ya mwendo na ya kuokota abiria njiani wasioruhusiwa. Na mara nyingine gari halivuki. Linapotelea nchini, na tangu hapo linatafuta karatasi za kuazima, maana lenyewe halina hata moja. Kwa V8, ushuru uliokwepwa peke yake ni nyumba nzima.

Nikaanza kuona mzee alivyopanga. Ana magari mawili pacha na kadi moja. Akiweka namba ya T kwenye yote mawili, siku moja yatakutana kituo cha mafuta. Lakini moja likivaa jina, pleti za T zinabaki huru, halali, zinakubalika kwenye mashine ya trafiki yeyote: V8, nyeupe, mmiliki Athumani Kibwana. Nani atauliza zaidi? Na jina likiisha muda, lazima pleti za T zirudi Magomeni, na hapo gari la pili linabaki uchi. Kwa hiyo jina halikutakiwa kuisha.

"Kwa hiyo zile milioni kumi," nilisema, "ndiyo sababu zimelipwa."

"Nilimwambia Tunu alipe. Alikuwa na fedha za baba, za malori mawili ya Tanga. Mimi nilikwenda kumpa namba ya malipo."

"Tunu gani?" Rehema aliuliza taratibu.

"Dada yetu. Mkubwa kuliko wewe. Baba alimpata kabla hajahamia Dar. Nilimjua mwaka jana tu, aliniapisha."

Nyuma yetu tasbihi ilianguka sakafuni.

Sijui Bi Tunu alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakulia, hakupiga mtu. Aliuliza swali moja, akilielekeza kwa mwanawe:

"Na mama yake huyo mtoto anaitwa nani?"

Idrisa aliinamisha kichwa. Hakujibu, na mama hakurudia. Aliokota tasbihi yake, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba kwa komeo.

Kesho yake alfajiri mimi na Rehema tulikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, tukipanda basi la Tanga. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Aliapa mbele ya hakimu kuorodhesha mali zote za marehemu, na sasa kulikuwa na V8, malori mawili na mtu mzima ambao hawakuwemo kwenye orodha. Mimi nilibeba kadi halisi ya gari, kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Idrisa alibaki. Alisema atashughulika na mama.

Kati ya Kibaha na Chalinze magari ya IT yalitupita manne, moja nyuma ya jingine, taa zimewashwa mchana. Rehema aliyatazama yote mpaka yakapotea. Baada ya Segera alisinzia, na mimi nikakaa nawaza ni kwa nini mtu apande ndege mpaka Mombasa kupeleka namba ya malipo ambayo angeituma kwa ujumbe wa simu.

Tulimkuta Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, nyumba ya bati jekundu yenye mashine ya kusaga mbele. Hatukuhitaji kumuuliza mtu. V8 nyeupe ilikuwa uani, pleti za njano, namba yetu ya T. Na mwanamke aliyetoka kwenye vumbi la unga alikuwa na paji la uso la Mzee Kibwana, nyusi za Mzee Kibwana, hata ile namna ya kusimama mguu mmoja mbele.

Rehema alikuwa amejiandaa njia nzima kwa ugomvi. Umri ukamshinda.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Mmechelewa. Nilikuwa nawasubiri tangu msibani." Akageuka kwangu. "Na huyu?"

"Mimi ni mtu wa kadi, dada."

"Basi fanya kazi yako kabla sijapika. Gari hilo hapo."

Alisema bila hofu hata kidogo, na hilo lilinisumbua. Mwenye gari lisilolipiwa ushuru hamkaribishi mtu wa kadi. Nikalala chini upande wa kulia, nyuma ya tairi la mbele, mahali chasisi ilipogongwa kwenye fremu. Nikamwaga mafuta ya taa, nikasugua. Matope ya miaka yakatoka. Tarakimu zikaanza kuonekana, safi, hazijaguswa na tindo wala mashine ya kuchomea.

"Nisomee kadi," nilimwambia Rehema.

Akasoma. Nikafuata kwa kidole kwenye chuma. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, herufi moja moja.

Zilifanana. Zote.

Nikainuka, nikafungua boneti, nikatafuta na namba ya injini. Nayo ikafanana.

"Baba alininunulia hili mwaka 2014," alisema Tunu Athumani, akijifuta unga mikononi. "Lina kadi, lina ushuru, lina kila kitu. La IT alilichukua yeye 2016. Akaona likikaa Dar na namba za bandia litakamatwa wiki moja, lakini likiwa na jina la mke wa mtu, nani atalisimamisha? Jina lilinunuliwa kwa ajili ya lile. Idrisa hajui. Anadhani la wizi ni hili langu, ndiyo maana alikuja Mei, akaliendesha mpaka Segera na kurudi, akanitaka nimwachie alichinje, auze vipuri. Nikamwambia kama anataka siri ikae, anipe namba ya malipo nilipe jina. Akanipa."

Rehema alikuwa ameshaelewa. Alinitazama, na mimi nikamtazama. Gari lisilo na karatasi, lisilo na ushuru, lilikuwa Magomeni. Lile la turubai. Lile la saluti za trafiki wa Mapipa.

Na funguo zake alikuwa nazo Idrisa.

Simu yangu ililia mfukoni. Nilijua ni yeye kabla sijaitoa. Nikaweka sauti ya nje.

"Side!" Kelele nyingi nyuma yake, redio za upepo, mtu anaamrisha mtu. "Nimepata mteja wa V8. Mtu wa pesa taslimu. Akasema kabla hajalipa, gari likaguliwe na polisi. Nikaona hakuna shida, letu si ndilo safi? Nimelileta mwenyewe."

"Idrisa, toka hapo."

"Sitoki, wameshachukua funguo. Wamefungua boneti, Side. Wanasema chasisi haiko kwenye kadi yoyote nchi hii. Wananiuliza nani anashughulikia makaratasi ya gari hili." Akavuta pumzi. "Nimewapa jina lako. Wanakuja Kinondoni sasa hivi."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Je, Side atarudi Dar es Salaam au atabaki Tanga? Mama wa Tunu Athumani ni nani, na kwa nini Idrisa aliinamisha kichwa alipoulizwa? Wakati unasubiri, msomaji, chukua kitambaa, toka nje na kadi yako mkononi, ukasome chasisi ya gari ulilonunua.